Niliandika Mwezi wa Nane

Watu wa mradi walipokuja kutuaga walinipa fulana nyeupe. Nimeikata vipande viwili, ninapangusia sufuria, na kila nikiishika jikoni hasira yangu inaamka upya. Siizuii. Nimewasikia wahubiri wengi wakisema hasira ni mzigo wa kutua chini, nao wote ni watu ambao hawakuwahi kuona ndugu yao akiandikiwa uongo kitabuni kwa mkono wao wenyewe.

Mimi ni Mmbuti, mmoja wa watu wa msitu wa Kongo. Nilizaliwa msituni, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Pinga, na ninasema hivyo mapema kwa sababu watu wakiniona ninasoma maandishi ya Kifaransa kwenye boksi la dawa huniuliza kama kweli baba yangu ni wa huko. Nilijua kusoma kwa bahati tu. Mwalimu mmoja wa Pinga alinichukua nikiwa mdogo niwachotee maji, na mke wake, mama ambaye hakuweza kuvumilia kuona mtoto ana mikono kazini na kichwa kimelala, alinifundisha herufi huku nikimenya mihogo. Alikuwa akiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Nikikosea ananirushia ganda la muhogo.

Nina mdogo wangu mmoja wa kike. Vita vilipotutoa msituni, mimi nikiwa nimesharudi kwetu, tulikimbilia Masisi, tukakaa kambini Kashuga, chini ya hema lililovuja pembe zote nne, na hapo ndipo mama yetu alipofia. Mdogo wangu alikuwa bado anavaa nguo zangu zilizokatwa. Tuliporudi kwetu Walikale msitu wetu ulikuwa na wenye bunduki, na baada ya wenye bunduki wakaja wenye misumeno, basi tukajenga vibanda vyetu kando ya barabara kuu, ile itokayo Bukavu kwenda Kisangani, kwenye kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekitaka kwa kuwa mvua ikinyesha kinageuka matope.

Maisha ya barabarani nitayaeleza kwa mwili wa mwanamke, maana huko ndiko yanakoandikwa. Msituni mama mjamzito alikula nyama, uyoga, asali, viwavi. Barabarani anakula sombe, yale majani ya muhogo, na ugali wa muhogo, na muhogo wenyewe anaupata kwa kulima shamba la mwingine tangu asubuhi hadi jua linapoinama. Anabeba matita ya kuni. Anabeba magunia ya chikichi ya wafanyabiashara, kamba imezungushwa kwenye paji la uso, tumbo mbele, gunia nyuma. Akienda kuomba maji ya kunywa kwa jirani anamiminiwa viganjani, kwa sababu kikombe kilichoguswa na Mmbuti kwao kimeharibika. Halafu mimba ikitoka, wanasema wanawake wa Wambuti hawajitunzi.

Mdogo wangu mimba mbili zilikuwa zimetoka hivyo, zote akiwa chini ya gunia. Mume wake alikuwa mtu mpole, lakini mama mkwe wake alianza kumpikia mwanawe chungu cha pembeni, na kila mtu aliyeona chungu kile alielewa kwamba mke mwingine anatafutwa. Mdogo wangu alitaka mtoto mmoja tu aliye hai, amshike, amuonyeshe yule mama, kisha akae kimya. Aliniambia hivyo mwenyewe, tukiwa tunachambua sombe, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

Mimi wakati huo nilikuwa na kazi. Kando ya barabara kulikuwa na kituo kidogo cha afya chenye maternite ya vitanda viwili, na mradi fulani kutoka Goma ulikuwa umeamua kwamba wanawake wa Wambuti watazalia pale bure: dawa bure, sabuni bure, kitenge na beseni la kuogeshea mtoto bure. Mradi ulihitaji mtu wa kuwasemea wanawake wetu na kuwaandikia fishi zao, yaani kadi za mimba. Huyo mtu nilikuwa mimi. Wanawake wetu wengi wanajua Kiswahili cha sokoni, lakini mbele ya koti jeupe kinawakauka mdomoni, wanarudi kwenye lugha ya nyumbani, nami ninasimama katikati.

Mkunga alikuwa binti wa wafugaji wa milima ya Masisi, watu wa ng'ombe na maziwa. Alikuwa na mikono mizuri. Ninasema hivyo kwa haki, kwa kuwa nimemwona akimgeuza mtoto aliyekaa vibaya huku anamwimbia mama yake, na mama akasahau kulia. Alikunywa maji kwenye kikombe kimoja na mimi tangu siku ya kwanza, bila kujionyesha. Kama angekuwa mtu mbaya, habari hii ingekuwa rahisi kusimulia.

Kwenye fishi ya mjamzito kuna mstari mmoja juu kabisa: tarehe ya mwisho ya kuona damu. Mstari huo ndio mlango wa kila kitu. Ukiijua tarehe hiyo, mkunga anahesabu, anakwambia mtoto atakuja lini. Sasa jaribu kumuuliza mama wa Kimbuti tarehe. Hatakujibu kwa namba, atakujibu kwa msitu. Atasema, niliona damu mwisho nyuki walipokuwa kwenye maua meupe. Ao uyoga ulipoota. Ao wakati wa mbinzo, yaani viwavi vile vinene vya kuliwa, vinavyoanguka kutoka kwenye miti mirefu kama mvua ya pili, na kila mtu anaacha kazi yake anakwenda kuokota. Mbinzo zilikuwa saa yetu kubwa. Zilianguka mwezi wa nane, kila mwaka, tangu bibi ya bibi yangu.

Basi nilitengeneza ujanja wangu. Kwenye karatasi moja niliyoibandika ndani ya kabati la dawa niliandika: maua meupe ni mwezi wa pili, uyoga ni mwezi wa nne, mbinzo ni mwezi wa nane. Mama akitaja kitu chake, mimi naandika mwezi. Mkunga alifurahi sana. Wageni wa mradi waliipiga picha karatasi ile, wakaniambia nina akili, na mimi nikacheka kama mtu aliyepewa nyama. Kichwa kilivimba. Nakiri.

Ambacho hakuna aliyekiandika kwenye karatasi ni kwamba mbinzo zinakaa kwenye libuyu. Libuyu ni mti mkubwa wa mbao nyekundu, na mbao nyekundu zinapendwa mjini kwa milango na vitanda. Wenye misumeno walikuwa na karatasi yao pia, yenye mihuri, iliyosainiwa na watu ambao hawajawahi kuokota kiwavi. Walizikata libuyu zote zilizokuwa karibu nasi kiangazi kimoja. Tulisikia miti ikianguka huku tunalima mashamba ya watu. Mwezi wa nane ukafika, wanawake wakaenda na vikapu, wakarudi na vikapu vitupu, wakavitundika ukutani. Hakuna ofisi iliyotuma mtu kuuliza. Daraja likivunjika wanakuja kulipima, lakini chakula cha wajawazito wa kijiji kizima kikikatwa na kupakiwa kwenye lori, hiyo ni biashara.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata mdogo wangu alikuja maternite. Alikuwa ameficha tumbo lile hata kwangu, kwa woga kwamba likitajwa litatoka kama yale mengine. Aliketi kwenye benchi, amejifunga kitenge hadi kifuani. Mkunga akauliza tarehe. Mdogo wangu akanijibu kwa lugha yetu, akiangalia sakafu: damu yake ya mwisho ilikuwa wakati wa zile mbinzo.

Sikuinua hata kichwa. Niliandika mwezi wa nane. Mwandiko wangu ni mzuri, mke wa mwalimu alihakikisha, na siku ile ulikuwa mzuri kuliko kawaida kwa sababu fishi ilikuwa ya mdogo wangu.

Mkunga alimlaza, akachukua utepe wake wa kupimia, akapima kutoka juu ya tumbo hadi chini. Akatazama utepe, akatazama fishi, akapima tena. Nilimuuliza kuna nini.

"Tumbo iko kidogo kwa ile miezi," alisema. Halafu akakunja utepe. "Lakini hawa bantu iko bafupi. Tumbo yao inakuwaka kidogo tu. Iko sawa."

Nami nilisimama pale, mimi Mmbuti ninayefika begani kwake, nikaitikia kwa kichwa kwamba njo vile. Utepe ulikuwa umesema kweli. Mdogo wangu alikuwa amesema kweli. Tulioongopa ni mimi na karatasi yangu, pamoja na yale maneno kwamba sisi ni wafupi, kwa hiyo hata watoto wetu tumboni hawastahili kupimwa kama watoto wa watu.

Miezi ya mwisho mdogo wangu alilima kama kawaida. Nilimwambia apumzike, akaniuliza apumzike ale nini.

Kufika mwisho wa mwezi wa tano, barua ilitoka Goma: mradi unafungwa. Si mwaka ujao, mwisho wa mwezi ule ule. Walikuwa wamefikisha idadi ya akina mama waliyokuwa wameiahidi, na pesa zilikuwa zimepelekwa kwenye jambo lingine mahali pengine. Mkunga alisoma barua akiwa amesimama, akavuta rejista, akapitisha kidole kwenye majina.

"Mudogo wako siku zake zimeisha, zimepita hata," aliniambia. "Akizala mwezi wa sita, mambo ya bule itakuwa imekwisha. Dawa hakuna, sabuni hakuna. Na akipata shida, tutamupeleka wapi? Afazali tumusaidie azale sasa, kama tuko na kila kitu."

Ilikuwa huruma. Ndiyo maana inanikata maini hadi leo. Tulimfanyia haraka kwa huruma, kwa sababu mtu fulani mbali alikuwa amechagua siku ya kufunga huruma yake.

Nilikwenda kumwita mwenyewe. Alikuja asubuhi, ameoga, ameshika kanga ya mtoto aliyoazima. Mkunga alipoanza kutundika serumu, ile chupa ya dawa ya mshipani, mdogo wangu akauliza ni ya nini, nikamwambia ni dawa ya kuleta uchungu. Akanikamata mkono. Akasema kwa lugha yetu, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Huyu bado. Bado anacheza juu, hajashuka. Namsikia. Mwambie bado."

Mkunga akageuka. "Anasema nini?"

Ningeweza kusema neno kwa neno. Lakini nilijua litakavyosikika kwa Kiswahili, ndani ya chumba kile chenye rejista na utepe: Mmbuti anamsikia mtoto wake tumboni akimwambia siku. Nilikuwa nimetumia miaka mingi kujiondoa kwenye maneno ya namna hiyo. Niliona aibu kwa niaba yake, na aibu ile ikachagua maneno.

"Anasema anaogopa," nilijibu.

"Kila mama anaogopaka," mkunga alisema kwa upole, akampigapiga begani, akafungua matone.

Mtoto alizaliwa mchana, kabla jua halijahamia upande wa pili wa barabara. Alikuwa mvulana. Alilia mara moja, sauti nyembamba, halafu akanyamaza kama aliyetumia yote. Ngozi yake ilikuwa laini kama ganda la ndani la kitunguu, mishipa inaonekana. Mkunga alimshika kwa viganja viwili, akamwangalia kucha, masikio, nyayo ambazo hazikuwa na mistari. Alichukua muda mrefu. Niliona shingo yake ikilowa jasho.

"Huyu iko wa miezi saba," alisema hatimaye, na hakuniangalia.

Tulimfunga mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kitenge juu yake, ndivyo mkunga alivyofundishwa, na alifanya kwa bidii. Alimkamulia mama maziwa akamtonesha mtoto kwa ncha ya kijiko. Hospitali yenye chumba cha joto ilikuwa mbali na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, malori yamezama hadi milangoni. Mdogo wangu hakulala kitandani, alikaa ameegemea ukuta ili asimbane. Alikuwa akimhesabia mtoto pumzi kwa kidole juu ya mgongo wake. Siku ya nne asubuhi kidole kilisimama, akakiacha pale pale muda mrefu, kisha akaomba maji ya kumuogesha. Beseni la bure lilitumika kwa kazi hiyo.

Siku hiyo hiyo mkunga aliniita kwenye meza. Watu wa mradi walikuwa njiani kuja kuchukua rejista zao na kutuaga, na kila mstari ulitakiwa kujazwa. Mbele ya jina la mdogo wangu kulikuwa na nafasi ya sababu. Mkunga alikuwa amechoka, macho mekundu, anaongea huku anafunga masanduku.

"Andika tu: mama hakujua tarehe."

Nikaandika. Maneno matatu, kwa mwandiko ule mzuri. Sitasema nililazimishwa. Mkono uliandika kabla moyo haujauliza kitu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea kuandika unachoambiwa mezani.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, amefunga vitu vyake, anasubiri mume wake aje kubeba mtoto wa kuzika. Aliniona nikiandika. Hajui kusoma, lakini anajua nikiandika juu yake.

"Umeandika nini hapo?"

Nilitoka hadi mlangoni, nikamwambia. Alisikiliza, kisha akaniuliza, na hakukuwa na kelele yoyote ndani ya sauti yake: "Si nilikwambia mbinzo?"

"Mbinzo ni mwezi wa nane," nilisema.

"Mbinzo gani zilianguka mwezi wa nane? Vikapu vilirudi vitupu, na wewe ulikuwepo. Nilikwambia zile mbinzo. Zile kavu, za yule mwanamume wa baiskeli aliyetoka upande wa Lubutu na gunia. Nililima siku nzima nikapewa bakuli, nikaja kupika kwako. Tulikula wote. Wewe ulinung'unika zina mchanga."

Nilikumbuka mchanga kabla sijakumbuka kitu kingine. Niliusikia kwenye meno. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, mvua inapiga, mimi nimekaa kwenye kiti na yeye chini kwenye jiwe, sahani katikati yetu. Mwaka ule kulikuwa na mbinzo mara moja tu, kwenye sahani yangu, na mtu pekee wa maternite ile aliyekuwa anajua siku yenyewe alikuwa mimi. Alinipa tarehe iliyo kamili kuliko ya mama yeyote niliyewahi kumwandikia. Nikaitupa, nikaweka yangu.

Nilirudi ndani mbio nikafute. Watu wa mradi walikuwa wamefika, rejista imekwisha kuwekwa kwenye sanduku la bati. Nilimwomba kijana mwenye kizibao cha mradi anifungulie, niandike chini ya ule mstari kwamba mama alisema kweli na aliyekosea ni mwandishi. Aliniambia rejista iliyofungwa haiguswi, nitume barua Goma. Alikuwa na adabu sana. Halafu akanipa fulana.

Barua nilituma. Ya kwanza nilimpa dereva wa lori, ya pili nikampa mchungaji. Hakuna aliyejibu. Nadhani mahali fulani mjini, katika ripoti yenye jalada la rangi, kuna mama wa Kimbuti ambaye mtoto wake alikufa kwa sababu hakujua tarehe, na mtu msomi anatingisha kichwa na kupendekeza tufundishwe. Nani hakujua tarehe? Waliokata libuyu hawakujua zinaangusha mbinzo lini. Waliofunga mradi hawakujua nani amebaki na tumbo. Aliyeshika utepe hakuamini utepe, na mimi niliyeshika kalamu sikuamini mdomo wa mdogo wangu. Katika watu wote tuliogusa tumbo lile, mmoja tu alikuwa na hesabu sahihi, na ndiye tuliyemwandika mjinga.

Nilikwenda kwa mkunga baada ya wiki moja, nimejaa maneno. Nilimkuta uani, anafua mashuka. Mara nyingi alikuwa amenisimulia juu ya baba yake kule Masisi, kwamba ana daftari lenye jalada gumu, na kila ng'ombe akipandwa anaandika siku yake, asije akakamua vibaya ao akakosa ndama. Nilimuuliza, ng'ombe wa baba yako akionekana tumbo dogo kuliko daftari, baba yako anafanya nini?

Aliacha kufua. "Anauliza kama daftari ilikosea," alisema.

"Na sisi?"

Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, mikono na povu. Hakujitetea. "Utepe iliniambia," alisema. "Mi njo nilikatala. Mi njo nilisema bantu bafupi." Kisha akalia, na mimi sikumbembeleza, ingawa nilitaka pia kukaa chini nilie naye. Nilimweleza na lile la kwangu, la "anaogopa." Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi mara ya pili. Tangu siku hiyo amewapima wanawake wetu kama anavyowapima wengine, na utepe ukipingana na fishi, anauliza upya hadi apate. Karatasi yangu niliitoa kabatini nikaiwashia moto.

Mdogo wangu hakugombana na mimi. Ningefurahi angenitukana. Alinisalimu, aliniletea moto nilipokosa, alikaa kwangu jua likiwa kali. Hakuniambia tena chochote cha mwilini mwake, hata kuumwa kichwa. Nikimuuliza unaendeleaje, anajibu vizuri, kama anavyowajibu watu wa mradi.

Ilipita miaka miwili. Siku moja mwezi wa kwanza niko maternite, ninakojitolea siku hizi bila mshahara, nikamwona anaingia na tumbo. Hakuja kwangu. Alipita mbele ya meza yangu hadi kwa mkunga, akatoa kwenye kitenge kamba ya ganda la mti, nyembamba, yenye mafundo, akaiweka juu ya fishi tupu.

"Mama muganga," alisema, kwa Kiswahili, chake cha sokoni, na kilitoka bila kukauka. "Kila mwezi wa juu ukizaliwa ninafunga fundo. Ya kwanza hapa, njo damu ilikosa. Hesabu wewe."

Mkunga alihesabu mafundo kwa kidole, mara mbili. Akamlaza, akapima kwa utepe. Vikakubaliana. Mkunga akaandika mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu yangu juu ya meza na hakuna aliyeniomba kitu.

Kila mwezi alirudi na fundo jipya. Gunia alikataa kubeba. Mume wake alilima sehemu zote mbili, na mimi nilipeleka samaki nilipowapata, nikawaweka mlangoni kwake, akawapika. Uchungu ulimjia wenyewe, siku ambayo kamba ilisema, asubuhi, akatembea kwa miguu yake hadi maternite akisimama njiani kila ulipombana. Alikataa kulala chali. Alipiga magoti akishika ukingo wa kitanda, kama mama yetu alivyotuzaa, na mkunga akapiga magoti nyuma yake. Alizaa msichana mzito, mwenye kucha ndefu na hasira nyingi, aliyelia hadi mama mkwe, aliyekuwa nje amekaa kwenye jiwe tangu alfajiri, akasimama.

Nililia pale pale ukutani. Mkunga alimfuta mtoto, akanyoosha mkono kuelekea kwangu bila kugeuka, kwa mazoea ya miaka, akinipa rejista mpya nijaze tarehe. Nikaipokea. Nikavua kifuniko cha kalamu.

"Yeye hapana," mdogo wangu alisema.

Mkunga aligeuka. Mdogo wangu alikuwa bado amepiga magoti, jasho likimtiririka, anatazama mkono wangu. Alinyoosha mikono akamchukua mtoto, akamnusa kichwani, kisha akaniita kwa jicho. Nilisogea. Akaniwekea binti yake mikononi, moto moto, na vidole vyake vikachomoa kalamu kati ya vyangu, akampa mkunga.

"Wewe beba mutoto," aliniambia. "Kalamu, acha."